Faida za Kiuchumi za Banda la Kufulia

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Tangazo limebandikwa mlangoni. Mlangoni kwangu! Mimi ndiye msimamizi wa banda la kufulia la manispaa, na nimelisoma pamoja na wapita njia kama mgeni. Manispaa inafikiria kulivunja banda na kufanya hapa maegesho ya magari. Mkutano wa hadhara ni Jumanne ya wiki ijayo. Kila mwananchi mwenye hoja afike nayo.

Nimesoma tena nikiwa nimeshika fremu ya mlango. Kazi naweza kutafuta nyingine. Lakini chumba cha nyuma ya banda ndicho nyumba yetu: mimi, mke wangu na mama mkwe. Chumba ni cha kazi. Kazi ikiondoka, na sisi tunaondoka. Mama mkwe ameuliza tangazo linasema nini, nikamwambia ni habari za maji.

Mke wangu alikuwa kwenye jiwe lake, anafua mashuka ya nyumba ya wageni. Ndiyo kazi yake, na ndiyo inayotulisha zaidi ya yangu, ingawa hilo hatulizungumzi. Alikuja, akasoma, akajifuta mikono. Akasema twende tukawaambie ukweli: watu wa mtaa huu hawana bomba ndani wala mahali pa kuanika. Basi.

Nilimhurumia. Mwanamke mwema, ila siasa haijui. Mimi nasikiliza redio kila siku. Mtu akitetea shule, anaulizwa tija. Akitetea wagonjwa, anaulizwa gharama. Akitetea mto, anaulizwa mto unaingiza nini. Anayeshinda ni yule anayewahi kusema "kiuchumi" kabla ya mwenzake. Nimelithibitisha hili hata kwa kinyozi.

Nimeamua. Nitawahi mimi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimewahiwa.

Amekuja Mashine. Huyu ni jirani wa ng'ambo ya barabara mwenye duka la mashine za kufulia, na jina lake halisi nadhani hata mkewe amelisahau. Mashine zake ni nzuri lakini hazina wateja, kwa sababu wateja wote wako kwangu. Alikuja na mpwa wake, kijana aliyesomea uhasibu na anayevaa tai hata jua likiwa la kupasua kichwa. Wakapima uwanja wangu kwa hatua. Mashine akanipa pole. Pole ya nini? Sijafiwa!

Kisha mpwa akawageukia akina mama kwenye mawe. Akawaeleza kwamba kiuchumi (alilisema, nililisikia kwa masikio yangu) wanapoteza saa nyingi mno kila wiki, na kwamba saa hizo zingeingia kwenye uzalishaji. Mama mmoja akamuuliza uzalishaji wa nini. Akajibu uzalishaji kwa ujumla. Akina mama wakaitazama mikono yao iliyojaa povu, na hakuna aliyecheka.

Nikajitosa. Nikamwambia banda hili ni kitovu cha mzunguko wa fedha. Muuza sabuni anakula hapa, muuza chai anakula hapa, anayeuza vibanio vya nguo anakula hapa. Kijana akaniuliza kwa adabu takwimu zangu ziko wapi. Nikamwambia ziko ndani. Nikaingia ndani, nikakaa kitandani mpaka walipoondoka.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku ya takwimu. Muuza sabuni amekataa kabisa kusema anauza kiasi gani. Anadhani nimetumwa na watu wa kodi. Muuza chai amesema siku nyingine ni nzuri, nyingine ni mbaya. Nilimwomba wastani, akanipa kikombe cha chai. Nimekadiria.

Mchana nikapata wazo kubwa. Kwa nini nihesabu sabuni tu? Watu wawili wa mtaa huu walioana baada ya kugombania kamba ya kuanikia. Ndoa ile ilimpa kazi fundi cherehani, ikampa kazi seremala wa kitanda, ikawapa kazi wapishi. Baadaye akazaliwa mtoto. Mtoto ana nguo chafu kila saa. Nguo chafu zinarudi bandani! Mzunguko umejifunga wenyewe. Nilisimama katikati ya chumba nikapiga makofi. Mama mkwe akauliza nani amekuja.

Jioni, jambo dogo la kifamilia. Kuna mjane wa fundi viatu anayefua hapa, mama mtulivu, haongei. Mke wangu humkatia kipande cha sabuni kila akija. Nilimweleza mke wangu kwa upole kwamba kitendo hicho kinaitwa ruzuku, na kwamba ruzuku inaharibu soko. Kisha akanipakulia chakula bila mchuzi. Nilipouliza, alisema mchuzi nao ulikuwa ruzuku.

Nimekula kikavu. Lakini nimeona kwamba hata yeye ameanza kufikiri kiuchumi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Habari nzito! Karani wa manispaa amepita kuniambia kwamba mtathmini atakuja Jumatatu kuangalia banda linatumika vipi. Ripoti yake itasomwa mkutanoni.

Jumatatu! Kila mtu anajua kwamba, ukimtoa mke wangu, Jumatatu hapa hakuna hata panya. Wengi wanafua Jumamosi. Mtathmini atakuta mawe makavu na mimi nimekaa, na ataandika hivyo, na kina mama, mke wangu na mimi mwenyewe tumekwisha.

Basi nimesimama mlangoni tangu asubuhi nikiwarudisha watu na mabeseni yao. Rudini Jumatatu, jamani, kwa ajili ya banda. Wengine walinielewa. Wengine walinitukana. Waliokuwa wameshafua nimewaomba walete nguo safi, haidhuru, maji hayajui tofauti. Mama mmoja aliniuliza kama nina homa.

Mke wangu naye nilimrudisha. Hapo palikuwa pagumu. Alisema mashuka ya nyumba ya wageni hayangoji mtathmini, wageni wanalala kila siku. Nikamwambia avumilie, tunatetea paa lililo juu ya kichwa cha mama yake. Akayafunga mashuka kwenye mfuko mkubwa wa turubai na kuyaweka pembeni, akaenda mwenyewe kumwomba meneja ampe siku mbili. Alirudi akasema meneja amekubali kwa shingo upande. Sipendi alivyokuwa ananitazama.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Walikuja. Mtaa mzima! Kulipokucha tu, foleni ilikuwa imezunguka ukuta. Waliorudishwa Jumamosi walikuja na hasira na marundo makubwa. Walioombwa walileta nguo zilizopigwa pasi. Mtathmini, mama mwembamba mwenye mwavuli, alikaa kwenye kiti nilichompa, akatoa kalamu. Kwa saa nzima nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani.

Kisha mtathmini akamwona mama mkwe. Nilikuwa nimempa mama mkwe shuka la maua na kumwomba asimame kwenye jiwe la mbele, alifue, alianike, alianue, alifue. Mtathmini akamuuliza kwa nini shuka lilelile linarudi tena na tena. Mama mkwe si mwongo. Alisema yeye hajui, amwulize mkwe wake, yeye ameambiwa tu asiketi.

Nikaeleza kwamba hapa tunasisitiza ubora.

Kabla ya adhuhuri, tangi likakauka. Watu wamejaa povu mpaka viwikoni na bomba linakohoa. Na kamba, masikini, haijawahi kubeba nguo nyingi namna ile. Ilikatika kwenye nguzo ya kati. Nguo zote chini! Matope! Nguo zilizokuja safi sasa zilikuwa chafu kweli, na za kuzisuuza maji hakuna. Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa katikati, meupe, yamelala kwenye tope. Mke wangu alisimama juu yake. Aliinama akaanza kuyaokota, na mjane wa fundi viatu akaja kumsaidia.

Nilichungulia alichoandika mtathmini. "Wahitaji ni wengi kupita uwezo wa banda." Sikuamini macho yangu. Wengi kupita uwezo! Ningetunga mwenyewe nisingetunga vizuri hivyo.

Jioni meneja wa nyumba ya wageni alituma mtu kusema mashuka yake sasa yatafuliwa kwa Mashine. Mke wangu ameketi nje kwenye jiwe lake tangu wakati huo. Nilimpelekea habari za ripoti, nikidhani zitamfariji. Aliniomba nimwache kidogo.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Ukumbi ulijaa. Kamati ya madiwani mbele, mezani. Sisi wa banda upande mmoja, Mashine na watu wa maegesho upande wa pili. Mpwa wake alitundika chati yenye rangi. Akaongea muda mrefu. Muda ni mali. Ardhi iliyo katikati ya mji ni mali. Akina mama wanaofua kwa mkono ni mali isiyotumika. Madiwani walikuwa wanaandika.

Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti wa kamati hakuniona. Akampa nafasi mtu wa nyuma.

Alikuwa mjane wa fundi viatu. Sijawahi kumsikia akisema maneno zaidi ya matano. Alisimama, akashika mgongo wa kiti cha mbele yake. Nayaandika kama alivyoyasema.

"Mume wangu alipofariki, nguo zake zilibaki kwenye kapu. Nyumbani nilishindwa kuzigusa. Nikabeba lile kapu mpaka bandani, nikakaa nalo tu. Hawa wenzangu wakazichukua moja moja, wakazifua. Hakuna aliyeniuliza kitu. Shati la mwisho nililifua mwenyewe. Sasa nauliza tu, waheshimiwa. Mkiegesha magari pale, mwingine akifiwa ataenda wapi na kapu lake?"

Akaketi. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, hakuivaa. Diwani aliyekuwa anapigania maegesho alikuwa anatazama meza. Mwenyekiti akasema anaona kamati imesikia vya kutosha, na kama hakuna pingamizi wapige kura banda libaki kama lilivyo.

Mke wangu alinishika mkono. Mara ya kwanza tangu matope. Nilijua anafikiria chumba, na kitanda cha mama yake dirishani.

Lakini hakuna aliyekuwa amesema kiuchumi! Upande wetu, hata mmoja! Uamuzi wa namna hiyo umesimama juu ya nini? Juu ya kapu? Kesho anakuja mtu na chati na kuuangusha. Ilikuwa lazima mtu auwekee msingi. Nilisimama.

Mke wangu alinivuta shati. Nikadhani ananitia moyo.

Nilisema yote. Sabuni, chai, vibanio, ndoa, kitanda cha seremala, mtoto. Nikasema asikubali mtu kudanganywa kwamba banda ni mzigo. Banda ni mgodi! Nikamwomba mtathmini asome mstari wake, akausoma: wahitaji ni wengi kupita uwezo. Mwenyekiti akavaa miwani. Akaniuliza kama watu hao wangekuwa tayari kulipia. Shati langu lilivutwa mpaka kifungo kikatoka. Nikasema wangelipa, mheshimiwa, tena wakiwa kwenye foleni! Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema mimi ndiye mtaalamu wao.

Madiwani wakainamiana. Yule wa maegesho akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Mpwa wa Mashine akaifunga chati yake taratibu, akamnong'oneza mjomba wake.

Uamuzi: banda lisivunjwe. Kwa kuwa imethibitishwa lina thamani kubwa ya kiuchumi, likodishwe kwa mwekezaji.

Lisivunjwe! Nilinyanyua mikono yote miwili. Nilipogeuka, nilikuwa peke yangu niliyenyanyua. Mke wangu alikuwa ameshatoka nje na mjane.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mwekezaji ni Mashine. Mtu mwingine hakuomba.

Alikuja na mpwa wake asubuhi, wapole kabisa. Kutawekwa geti. Kila beseni litalipiwa. Kuhusu msimamizi, mpwa alinieleza kwa kalamu na karatasi kwamba geti linafanya kazi yangu na halili. Nilitafuta kosa kwenye hesabu yake. Sikuliona. Nilimwomba airudie, akairudia, na nakiri ilikuwa hesabu safi. Nilimwambia hivyo. Alinishukuru. Mashine alisema ni nadra kukutana na mtu anayeelewa mambo.

Chumba kitakuwa stoo ya sabuni ya unga. Tumepewa mpaka Jumamosi. Mkataba wenyewe utasainiwa wiki ijayo, lakini wanataka kuanza kupaka rangi.

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo za mama yake. Aliendelea kukunja. Nilimweleza kwamba kimsingi hoja yetu ilishinda, kwa maana kamati imekubali kwamba banda lina thamani, na kilichobaki ni suala la umiliki tu. Akaniuliza mama atalala wapi. Sikuwa na takwimu za hilo. Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe lake, na niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma hapa.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Tuko kwa shemeji, mdogo wake mke wangu. Mama mkwe amepewa kitanda cha watoto, watoto wamepewa godoro, sisi tumepewa sebule baada ya watu kuondoka sebuleni. Mama mkwe hajalalamika. Anauliza tu kila asubuhi kama tunarudi leo.

Kumbe wanawake hawakukaa bure. Mke wangu na mjane wamezunguka mtaa mzima, wakaenda manispaa wote kwa pamoja, na mabeseni vichwani. Karani aliona foleni ile akaenda kumwita mwenyekiti. Mwenyekiti amekubali kusikiliza pingamizi Jumatano kabla mkataba haujasainiwa. Mjane atasema tena, na mke wangu atasema. Mwenyekiti mwenyewe, nasikia, ana wasiwasi na uamuzi wake na anatafuta sababu ya kuutengua. Banda likirudi, kazi inarudi, na chumba kinarudi.

Nilifurahi sana. Nikasema nitaandaa namba mpya. Mke wangu akaniomba tutoke uani. Alisimama karibu na kamba ya shemeji, akaongea polepole.

"Jumatano usije. Kaa hapa na mama. Ukija, usisimame. Ukisimama, usiseme. Mume wangu, nakuomba. Hii ndiyo nafasi tuliyobaki nayo."

Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa na haki ya kunipigia kelele na hakupiga. Niliweka mkono kifuani nikaahidi. Aliniegemea, na tukasimama hivyo mpaka watoto wa shemeji walipotoka. Nampenda sana mke wangu. Ahadi ni ahadi.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Mke wangu na mjane wamekaa jikoni tangu alasiri wakipanga nani ataanza. Nasikia sauti zao ukutani. Maneno mazuri, yanagusa. Namba hakuna hata moja.

Nimeitafakari ahadi yangu kwa utulivu, bila upendeleo. Kila ahadi ina gharama na faida. Nikiivunja, gharama ni mke mmoja kukasirika kwa wiki chache, na nina uzoefu na hilo. Nikiitimiza na wakashindwa, gharama ni familia nzima sebuleni kwa watu. Kijana yeyote wa uhasibu angeona jibu liko upande gani. Kwa hiyo kuivunja ni kuitimiza kwa njia yenye tija zaidi.

Na safari hii sitarudia yale ya ndoa na seremala. Nimejifunza kitu mkutanoni: kilichomtoa mwenyekiti machozi ni kapu. Tatizo la kapu ni kwamba halikupigiwa hesabu. Nimelipigia. Nimechukua waliofiwa mtaani kwa mwaka, nikazidisha kwa nguo za marehemu wa kawaida, nikaongeza sabuni, nikaongeza chai ya waombolezaji, nikaongeza siku za kazi zinazookolewa mtu akilia haraka akamaliza. Jumla inatisha! Misiba yetu peke yake inaweza kuendesha banda na mashine za mtu yeyote. Mwenyekiti akiniuliza kama wafiwa wangekuwa tayari kulipia, jibu ninalo.

Shati nimeshalipiga pasi na kifungo nimekishona mwenyewe. Mama mkwe ameniuliza naenda wapi kesho, nikamwambia siendi popote. Alfajiri nitatangulia kabla yao, nikae kiti cha mbele kabisa, ili mwenyekiti asikose kuuona mkono wangu.